Rangi ya Chupa na Ukubwa wa Tangi: Mambo Yanayobadilisha Ladha ya Bia

Mabishano ya bia katika baa za Kisumu, kuanzia Kondele hadi ufukweni Dunga, hayakosi mtu wa kusema kwamba ya chupa ya kijani ina harufu, wala wa kumjibu kwamba harufu ni ya kiwanda, si ya chupa. Mwingine ataongeza kwamba viwanda vikubwa vinatia maji, na kwamba bia iliyopikwa kidogo kidogo ndiyo yenye ladha. Wote wana sehemu ya ukweli, ila wamefunga mzigo mmoja vitu visivyotoka shamba moja. Rangi ya chupa inahusika na kosa moja tu katika bia, nalo ni la mwanga. Ukubwa wa mitambo unahusika na mengi: uchungu, harufu ya matunda, uzito wa bia mdomoni, hata muda ambao itadumu kabla ya kuchakaa. Yanayobaki, na ndiyo mengi zaidi, ni ya joto na umri, na hayo husingiziwa chupa bure.

Jua linafanya nini ndani ya chupa

Uchungu wa bia hutoka kwenye hopsi, maua ya mmea unaotambaa unaolimwa nchi za baridi, na ambayo hufika Kenya yakiwa tembe au dondoo. Ukiyaloweka tu katika maji, hayatoi uchungu wa maana. Ni lazima yachemshwe. Katika mchemko asidi zake hubadilika umbo na kuwa isohumuloni, na hizo ndizo huyeyuka ndani ya bia na kuuma nyuma ya ulimi.

Isohumuloni zina udhaifu wake. Ndani ya bia mna pia raiboflavini, yaani vitamini B2, inayotoka kwenye kimea na hamira. Raiboflavini hunasa mwanga wa buluu na ule wa urujuani usioonekana kwa macho. Ikishanasa, hupata nguvu ya kuichokoa isohumuloni na kuvunja mkia wake. Kipande kilichokatika hukutana na salfa inayotokana na protini za shayiri, vikaungana, na hapo huzaliwa kemikali ya jamii ya thioli ambayo ndugu yake wa karibu yumo katika majimaji anayorusha skanki wa Amerika. Huku kwetu skanki hatuna, lakini kicheche tunaye, na aliyewahi kupita mahali kicheche alipoguswa hahitaji kuelezwa zaidi.

Balaa ya kemikali hiyo ni kwamba pua huisikia hata ikiwa nanogramu chache tu kwa lita. Kwa kipimo hicho, gramu 1 ingetosha kunukisha bia zaidi ya lita milioni 100. Ndiyo maana hakuna "jua kidogo" kwa bia yenye hopsi. Carl Lintner wa Ujerumani aliieleza harufu hii mwaka 1875, lakini hatua zote za kemia yake zilithibitishwa mwaka 2001, wanakemia wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani na wenzao wa Ubelgiji walipozifuatilia moja baada ya nyingine.

Sasa rangi. Kioo cha kahawia hupatikana kwa kutia chuma, salfa na kaboni katika tanuri la kioo, na mchanganyiko huo huzuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 500, yaani ule ule ambao raiboflavini inautafuta. Kioo cha kijani hupata rangi yake kwa kromiamu. Kijani kinaonekana kizito machoni, na hapo ndipo jicho hutudanganya: kinachotuonyesha giza ni kukosekana kwa nyekundu, huku sehemu kubwa ya buluu ikipita. Chupa nyeupe, ile unayoona kupitia upande wa pili, haizuii lolote la maana. Kwa hiyo ukizipanga chupa tatu kwa uwezo wa kuilinda bia, kijani haikai katikati. Inakaa karibu kabisa na nyeupe.

Basi kwa nini watengenezaji bado wanauza bia katika kijani na nyeupe? Kwa sababu ya sura. Heineken inajulikana kwa kijani chake, Corona kwa chupa yake nyeupe, na mteja anaitambua kwa mbali kabla ya kusoma jina. Wengine wamepata njia ya kuukwepa mkia unaovunjika: kampuni ya Miller ya Marekani hutumia dondoo la hopsi lililofanyiwa kazi kwa hidrojeni mpaka isohumuloni isiweze kuvunjika kwa namna ile, na kwa hiyo bia yake ya chupa nyeupe haishikwi na kicheche. Mwenye kutumia njia hii hapaswi kuchanganya ndani yake hata chembe ya hopsi za kawaida. Hata hamira iliyochotwa kutoka tangi la bia nyingine huja na isohumuloni za kutosha kuharibu kazi yote.

Mkebe na keg havipitishi mwanga hata kidogo. Hapo hoja ya rangi inaisha.

Dakika ngapi?

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Jua la saa sita hapa linasimama utosini karibu mwaka mzima na urujuani wake ni mkali. Bia ikiwa katika chupa nyeupe au glasi kwenye meza iliyo juani, dakika 5 hadi 10 zinamtosha mtu mwenye pua nzuri. Chupa ya kijani itaongeza muda kidogo, lakini saa moja juani ni nyingi mno kwake. Kahawia itavumilia saa kadhaa. Siku nzima baada ya siku nyingine juani, nayo itasalimu amri.

Hapa kuna kosa ambalo wengi hawalitambui. Mtu ananunua bia ya chupa ya kahawia, iliyotunzwa vizuri, anakaa mezani kando ya ziwa bila mwavuli, kisha anaimimina yote kwenye glasi na kuinywa polepole huku akingoja samaki akaangwe. Ulinzi wa chupa umekwisha pale alipomimina. Nusu ya mwisho ya glasi itakuwa na harufu ambayo nusu ya kwanza haikuwa nayo, naye atalaumu kiwanda. Ukikaa juani, acha bia ndani ya chupa na umimine kidogo kidogo.

Taa nazo zinahesabiwa. Friji za baa zenye mlango wa kioo huwa na taa zinazowaka usiku kucha. Mirija ya zamani ya floresenti hutoa urujuani na buluu; taa za LED hazina urujuani, lakini zile nyeupe zina kilele cha buluu karibu na nanomita 450, mahali ambapo raiboflavini hunasa vizuri. Kijani ikikaa siku kadhaa sentimita 10 kutoka kwenye taa hiyo, itaharibika ikiwa baridi vilevile, maana ubaridi hauzuii kosa la mwanga. Dawa ni rahisi: safu ya mbele na ya pembeni, iliyo karibu na taa, iwe ya kahawia au mikebe, kijani na nyeupe zikae nyuma. Anayenunua naye achukue chupa ya nyuma.

Na duka lenye rafu inayotazama barabara upande wa magharibi, jua la saa kumi likiingia moja kwa moja, lisiweke bia ya kijani kwenye rafu hiyo hata kwa maonyesho. Chupa tupu zinaweza kufanya kazi ya maonyesho.

Kuthibitisha haya hakuhitaji maabara. Chukua bia ya chupa ya kahawia yenye uchungu unaosikika, iliyokaa gizani. Mimina katika glasi mbili zinazofanana, moja uifunike yote, juu na pembeni, kwa foili ya jikoni. Ziweke zote mbili juani saa sita mchana kwa dakika 15, kisha uzitie katika beseni moja la maji baridi mpaka joto lilingane, kwa sababu bia yenye joto hutoa harufu zaidi na jaribio litakuwa na upendeleo. Halafu mtu mwingine amimine vikombe vitatu bila wewe kuona: viwili kutoka glasi moja, kimoja kutoka nyingine. Kazi yako ni kutambua kilicho tofauti. Kubahatisha tu kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo jaribio moja si ushahidi. Anayepatia mara tano mfululizo habahatishi.

Busaa inatufundisha nini

Magharibi mwa Kenya tuna bia ambayo inaonyesha wazi kwamba mwanga pekee si mkosaji. Ni lazima ukutane na hopsi. Busaa haina hopsi. Unga wa mahindi huchanganywa na maji, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati mpaka upate rangi ya kahawia. Halafu hutiwa maji na kimea cha wimbi, kikaachwa tena siku chache, na ndipo huchujwa au kunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Wimbi lililoota ndilo lenye vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira huingia pamoja nalo.

Ukiiweka busaa katika chupa nyeupe juani, harufu ya kicheche haitatokea, kwa kuwa hakuna isohumuloni ya kuvunjwa. Itaharibika, naam, lakini kwa njia nyingine. Bakteria wa maziwa lala wamo humo tangu mwanzo, na joto la jua litawakimbiza mpaka ukali upite kiasi. Hewa ikiingia, bakteria wa siki watafuata. Mtu akisema busaa yake "imeharibiwa na jua", ni sahihi, ila jua limefanya kazi ya moto, si ya mwanga. Gudulia la plastiki la buluu au jeusi halitaisaidia. Kivuli na maji baridi vitaisaidia.

Tofauti hii ni muhimu pia kwa bia za keg zinazopikwa kwa mtama. Kiwanda cha Kisumu, kilichofunguliwa tena mwaka 2019 baada ya kufungwa kwa miaka mingi, kimejengwa juu ya mtama unaonunuliwa kwa wakulima, na bia yake huja katika pipa la chuma. Anayehisi kasoro katika bia ya keg asitafute mwanga. Aulize bomba lilioshwa lini. Bia ikilala katika mpira wa kupitishia, hamira na bakteria hujenga utelezi ndani yake, na glasi ya kwanza ya siku hutoka na ukali wa siki au harufu ya siagi. Mpira huo unataka kuoshwa kwa dawa ya alkali angalau kila wiki mbili, kisha maji safi mengi mpaka utelezi wa dawa uishe kabisa.

Yanayosingiziwa chupa

Bia nyingi inayolalamikiwa si ya kicheche. Ina ladha ya katoni iliyolowa, au karatasi ya zamani, kisha baadaye utamu kama wa asali iliyopitwa na wakati. Hiyo ni kazi ya oksijeni ikisaidiwa na joto. Wapishi wa bia wana kanuni ya makadirio: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si sheria kamili, lakini inatosha kufanya maamuzi. Stoo ya mabati isiyo na dari, Kisumu au Busia, inapita nyuzi 32 mchana bila shida. Kreti zikikaa humo wiki mbili, bia imezeeka miezi kadhaa, iwe ya kahawia, kijani au mkebe.

Hapa kuna jambo la faraja kwa wanaopenda bia "moto", yaani isiyotoka kwenye friji. Kuinywa bila ubaridi hakuiharibu, na kwa kweli kunafichua harufu zake zaidi, nzuri na mbaya. Wala kuitoa kwenye friji na kuirudisha mara moja hakuleti kicheche, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Kinachoumiza ni jumla ya siku ilizokaa kwenye joto. Muuzaji anayefahamu haya huweka kreti sakafuni, mbali na bati, na hutoa zilizoingia kwanza kabla ya zilizoingia jana. Ni kazi ya mgongo, lakini hakuna mashine inayoishinda.

Ukubwa wa sufuria

Sasa tuje kwa ukubwa, ambapo mambo ni magumu zaidi. Chukua mpishi mdogo mwenye leseni ambaye amefanyia majaribio lita 20 mpaka zikampendeza, sasa ana sufuria kubwa na anataka kutoa lita 500. Kosa la kwanza atakalofanya ni kuzidisha kila kitu kwa 25.

Sufuria ndogo hupoteza maji mengi kwa mvuke, kwa sababu uso wake ni mpana ukilinganisha na kilichomo. Akianza na lita 24 na kupoteza 4 kwa saa, anabaki na 20. Kwa hesabu ya kuzidisha, ataanza na lita 600 akitarajia kubaki na 500. Lakini sufuria kubwa inaweza kupoteza lita 45 tu katika saa hiyo. Anabaki na 555, na kipimo cha sukari (uzito wa bia ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000) alichotarajia kiwe 1.050 kinasimama kwenye 1.045. Bia itatoka nyepesi, kileo kimepungua, na atadhani kimea kilikuwa kibaya. Suluhisho ni kupima mvuke wa sufuria mpya kwa maji matupu kabla ya kupika chochote: chemsha saa moja, pima kilichopungua, kisha rekebisha maji ya mwanzo.

Hopsi nazo hazizidishwi moja kwa moja. Sufuria kubwa huchota uchungu vizuri zaidi. Na baada ya moto kuzimwa, lita 20 hupozwa kwa nusu saa kwa koili ya shaba, ilhali lita 500 huzungushwa kwanza ili takataka zikusanyike katikati, kisha zikapita kwenye kipozeo kwa saa nzima au zaidi. Wakati wote huo kilichobaki kwenye sufuria bado kiko juu ya nyuzi 80 na hopsi zinaendelea kutoa uchungu. Hopsi zilizotiwa dakika 10 kabla ya mwisho ili zilete harufu, zinajikuta zimefanya kazi kama za dakika 40: harufu imepaa, uchungu umeongezeka. Wengi hushangaa kwa nini bia ya sufuria kubwa ni chungu zaidi na haina harufu ya maua. Punguza hopsi za uchungu kwa asilimia 10 hadi 20 katika jaribio la kwanza la ukubwa mpya, na zile za harufu zitie wakati wa kuzungusha, joto likiwa limeshuka.

Muda huo mrefu kwenye joto una adhabu nyingine. Kimea cha rangi nyepesi kina kiasili, yaani kemikali inayozaa nyingine, ambacho kikipata moto huvunjika na kutoa harufu ya mahindi ya kuchemsha. Mchemko mkali huipeleka juu na mvuke. Lakini moto ukizimwa, harufu inaendelea kuzaliwa bila kutoka. Kwenye nyuzi 100, nusu ya kiasili hicho huvunjika kwa takriban dakika 40, na kila joto likishuka nyuzi 6 muda huo karibu huwa maradufu. Hapa mwinuko unaingia. Kisumu maji huchemka karibu na nyuzi 96, na Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, karibu na 94. Mpishi wa Nakuru anayefuata mapishi ya pwani ya Ulaya ya mchemko wa dakika 60 anafanya kazi nusu tu ya ile iliyokusudiwa, na uchungu pia atapata pungufu kwa sababu hopsi hubadilika polepole zaidi kwenye joto dogo. Achemshe dakika 90, mfuniko ukiwa wazi, na asifunike sufuria hata kama gesi ni ghali.

Nakuru ina jambo jingine: maji ya visima vyake mengi yana floraidi na bikaboneti ya sodiamu. Bikaboneti ya aina hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Huipandisha pH (kipimo cha uasidi) ya uji wa kimea juu ya 5.6, maganda yakatoa ukakasi kama wa chai iliyokaa motoni, na mlaumiwa huwa hopsi. Asidi ya laktiki kidogo kidogo, ukipima kila mara mpaka pH ifike kati ya 5.2 na 5.5, huondoa tatizo la pH. Floraidi inahitaji chujio la kitaalamu, au maji kutoka chanzo kingine. Maji ya Ziwa Victoria, yakishasafishwa, ni laini na hayana taabu hiyo.

Tangi refu na ndoo fupi

Hamira ni kiumbe, na kiumbe huathiriwa na nyumba anayokaa. Katika viwanda vikubwa bia huchachuka ndani ya matangi marefu yenye kitako cha koni, mengine yakizidi mita 10. Kila mita 10 za kina huongeza chini shinikizo la karibu baa 1 (kipimo cha shinikizo, si baa ya kunywea). Shinikizo hilo huzuia kaboni dioksidi isitoroke, na gesi ikijaa ndani ya bia hamira huzaana kidogo na kutengeneza esta chache, zile kemikali zenye harufu ya ndizi na matunda. Ndiyo sababu bia ya tangi refu hutoka safi, imenyooka, haina matunda mengi. Hamira ile ile katika ndoo ya lita 20, kina cha sentimita 35, haihisi shinikizo lolote, na itatoa ndizi zaidi. Si kwamba moja ni halisi na nyingine ni bandia. Kwa laga, usafi ndio unaotafutwa; kwa bia ya ngano ya Kijerumani, ndizi ndiyo sifa yake.

Joto linaenda upande wa pili. Uchachukaji hutoa joto, na lita 20 hulipoteza haraka kupitia kuta za ndoo. Zitapanda nyuzi 2 hadi 4 juu ya chumba. Lita 500 zikikosa kupozwa haziwezi kulipoteza kwa kasi hiyo, na zinaweza kukaribia nyuzi 10 juu. Katika chumba cha Kisumu cha nyuzi 28 hiyo ni hatari kubwa: hamira ya eli, yaani bia inayochachuka kwenye joto la juu kuliko laga, inataka 18 hadi 21, ya laga 10 hadi 14. Ikivuka 30, hutoa vileo vizito vinavyonuka kama rangi ya kucha, na hivyo haviondoki kwa kuhifadhi. Ndoo unaweza kuifunga gunia lililolowa na kuelekeza feni, ukashusha nyuzi 3 hadi 5; Nakuru penye hewa kavu mbinu hii hufanya kazi vizuri kuliko Kisumu penye unyevu wa ziwa. Tangi halina njia ya mkato. Linataka koti la maji baridi, na kipima joto kilichozama ndani ya bia. Kilichobandikwa ukutani kitakueleza habari za chumba tu.

Na yale madai ya "kutia maji"? Ni kweli, viwanda vingi vikubwa hupika bia nzito kuliko inayouzwa, kisha huipunguza kwa maji mwishoni ili tangi moja litoe bia nyingi zaidi. Kileo kilichoandikwa kwenye lebo ni cha baada ya maji hayo, kwa hiyo mteja haibiwi. Maji yenyewe hutolewa oksijeni kwanza, kwani ya bomba yangeizeesha bia kwa siku chache. Ladha hubadilika kwa sababu nyingine: hamira katika sukari nyingi hutoa esta kupita uwiano wake, na mpishi lazima airekebishe kwa hewa na joto. Akifanya vizuri hutambui. Kwa hiyo wepesi unaohisi katika bia fulani mara nyingi ni uamuzi wa mapishi (kimea kidogo, sukari au mahindi zaidi), na ungekuwepo hata bila maji ya mwisho.

Kufunga kizibo

Mahali ambapo mdogo hupoteza zaidi ni kwenye kujaza chupa. Mashine kubwa hunyonya hewa yote ndani ya chupa, huingiza kaboni dioksidi, hunyonya tena, hujaza, kisha hurusha tone la maji ya moto kwa nguvu ili povu lipande mpaka mdomoni na kusukuma hewa ya mwisho, na kizibo hupigwa juu ya povu. Oksijeni inayobaki hulengwa iwe chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Sasa tazama anayejaza kwa mkono na kuacha mililita 20 za hewa shingoni mwa chupa ya nusu lita. Humo mna oksijeni miligramu 5 hivi, yaani zaidi ya 10 kwa lita. Tofauti ni mara 100. Bia yake inaweza kuwa bora kuliko ya kiwanda siku ya kwanza na kuwa katoni mwezi wa pili, na chupa nzuri ya kahawia haitaiokoa.

Akitaka bia ijigesi yenyewe ndani ya chupa, hamira iliyobaki humsaidia kula sehemu ya oksijeni hiyo. Kwa lita 20 zilizochachuka kwenye nyuzi 25, gramu 130 za sukari ya kawaida zinatosha, zikiwa zimechemshwa katika maji kidogo na kuchanganywa polepole bila kurusha povu. Kabla ya hapo kipimo cha sukari kiwe hakijasogea kwa siku tatu mfululizo. Kikiwa bado kinashuka, chupa zitapasuka, na kioo kinachoruka kinaweza kumtoa mtu jicho. Chupa zilizotumika mara nyingi, zenye ukanda uliokwaruzwa mabegani, ziondolewe.

Ukikutana na bia yenye kasoro, anza na pua kabla ya ulimi, na harufu itakuonyesha pa kuuliza. Kicheche: mwanga, kwa hiyo tazama rangi ya chupa na mahali ilipokaa. Katoni: oksijeni na joto, kwa hiyo soma tarehe na uulize kuhusu stoo. Mahindi ya kuchemsha: mchemko mfupi au upozaji uliochelewa. Ndizi nyingi au rangi ya kucha: tangi lilipata joto. Siki kwenye keg: mpira mchafu. Sabuni na povu linalokufa papo hapo: glasi haikusuuzwa, na hilo baa inaweza kulirekebisha kabla hujamaliza kulalamika.